Mume Wangu Anasoma Sehemu ya Mungu

Machi 6

Mvua imeanza. Asubuhi nilitangaza mabasi manne kituoni, mawili hayakuondoka. Magari ya ng'ambo ya mto yamesimamishwa mpaka barabara ikauke, na hayo ndiyo ninayoyangoja mimi. Nimeshamwambia dada yangu aliye huko kwamba mvua zikiisha nitahamia kwake. Hakuuliza sababu. Alisema chumba cha nyuma kipo, nije na shuka zangu.

Mwenye nyumba, yaani mume wangu, hajui. Sijamficha, ila hajauliza.

Machi 10

Baada ya ibada Katibu wa kamati ya kurekodi alituita mimi na mume wangu ofisini. Kanisa letu linarekodi Maandiko yote kwa sauti, kwa ajili ya vipofu na wasiojua kusoma. Wamefika kwenye kile kitabu kifupi ambacho watu hukipitia haraka wakiwa na watoto: mwanamke na mwanamume wanaitana, wanatafutana, wanasifiana maungo kuanzia nywele mpaka nyayo. Wasomaji waliopangiwa wamekwepa mmoja mmoja. Mmoja alisema ana mafua, mafua ya kudumu.

Katibu ni mwanamke mwembamba mwenye sauti nene. Alituketisha akafunga mlango.

"Wasomaji lazima wawe mume na mke wa ndoa halali," alisema. "Sitaki mume wa mtu amwambie mke wa mtu maneno yale, halafu simu nipigiwe mimi. Na ndoa iliyotulia kama yenu, hapa haipo."

Ndoa yetu imetulia kweli. Hata makaburini kumetulia.

Nilikuwa nimeshafungua kinywa kukataa. Mume wangu akawahi. "Tutasoma," alisema, kisha akavaa kofia yake. Muda mrefu sijamsikia akitusemea sisi wawili kwa pamoja, nikamfuata nje.

Labda niandike mara moja, nisije nikalazimika kurudia. Tulikuwa na mtoto mmoja wa kike. Kwa jinsi alivyokuwa haachi kuongea tulimwita Chiriku, na jina la kwenye cheti tukalisahau. Alifariki mwaka juzi, ana miaka kumi na mmoja, kwa homa iliyompanda kichwani. Mimi nilikuwa kwa dada yangu aliyekuwa amejifungua; mtoto alikuwa na baba yake. Nilipomuuliza mume wangu asubuhi ile ilikuwaje, alinijibu, "Alikuwa amelala." Ndiyo habari yote niliyopewa mpaka leo. Baada ya matanga alihamia chumba cha Chiriku, na tangu hapo maneno yetu ni ya chumvi, maji na ufunguo. Watu nao wameacha kuniita Mama Chiriku, wananiita Mtangazaji. Wanadhani wananihurumia.

Machi 12

Mchungaji alikuja nyumbani kutufundisha kabla hatujaanza. Ni mtu mpole, amesoma Kiebrania miaka mingi, na anaposhika kitabu hukishika kwa mikono miwili kama bakuli la uji wa moto.

Alisema watu wa kale walibishana kama wimbo huu unastahili kukaa ndani ya Maandiko. Wengine walikuwa wakiuimba ulevini. Uliponea kwa sababu wazee wa dini walisema: huyu mwanamume si mwanamume, ni Mungu, na huyu mwanamke ni watu wake. Baadaye Wakristo wakasema ni Kristo na kanisa.

"Kwa hiyo wewe," alimwambia mume wangu, "sauti yako ni ya Mungu. Na wewe mama ni kanisa."

"Kama ni Mungu, Mchungaji, mbona hatajwi?" niliuliza. "Nimesoma jana toka juu mpaka chini. Kuna matiti, kuna mbuzi, kuna makomamanga. Yeye simuoni."

"Mwenye nyumba hahitaji kuitwa jina ndani ya nyumba yake."

"Hata kwangu hatajwi," nikasema, "lakini soksi zake nazifua."

Mchungaji alicheka. Mume wangu aliangalia dirishani. Anatengeneza miwani mjini. Kutwa nzima anawawekea watu vioo machoni akiwauliza, hivi ni bora au hivi? Nyumbani haulizi chochote.

Machi 15

Mvua kutwa. Hakuna basi.

Machi 19

Tumeanza. Studio ni stoo ya zamani nyuma ya kanisa. Wametundika magodoro ya sponji kuta zote nne, chini wameweka zulia, na katikati kuna kiti, meza ndogo na maiki. Ukifunga mlango unasikia damu yako mwenyewe. Upande wa pili wa kioo anakaa Fundi Mitambo, mtu mzima mwenye kikohozi, ambaye hukohoa tu akiwa amezima mashine.

Ila walisahau paa. Kuta zimevishwa kama maharusi na juu ni bati tupu. Tone moja likianguka, Fundi anainua mkono na sote tunangoja. Nani alipanga kurekodi wakati wa masika, hakuna anayekumbuka.

Mchungaji ametoa amri nyingine: tusisome pamoja. Mimi siku yangu, mume wangu siku yake, Fundi ataunganisha. Anasema sauti zikikutana ndani ya chumba kimoja zinaweza kuwa za chumbani, na wasikilizaji wakapotea njia. Nilitaka kumwambia asiwe na wasiwasi. Kwa yetu sisi wangepotea kwa usingizi.

Machi 26

Nimesoma vizuri. Miaka kumi na minane nikitangaza mabasi, sauti haiwezi kunitupa. Niliposoma pale mwanamke anapoamka kumtafuta mpenzi wake mjini, anawauliza walinzi, wanampiga na kumvua shela, Fundi alizima mashine akasahau kukohoa. Mchungaji akasema, "Ndivyo, mama. Hiyo ndiyo njaa ya roho."

Sikuwaza roho. Nilikuwa na hasira. Huyu mwanamke anakimbia mji mzima, anachubuliwa, na bado akiulizwa anasifu tu. Kwa nini wa kutafuta awe yeye kila mara? Anayejificha naye ana miguu.

Machi 27

Dada amepiga simu. Barabara bado.

Aprili 2

Siku ya mume wangu. Nilikwenda kwa kisingizio cha kumpelekea mwavuli, nikakaa kwa Fundi, na nikapewa visikizio vya kuvaa masikioni.

Nimeandika maneno hapa miaka mingi na sasa sijui niseme vipi. Nilikuwa nimeisahau sauti yake. Ile ya chumvi na ufunguo si yake. Hii ilitoka chini taratibu, haikuwa na haraka, ikawa inaniambia mimi, sikioni kwangu, kwamba mimi ni mzuri. Nilijua anasoma. Nilijua ameambiwa awe Mungu. Uso ulinipata moto kama msichana, nikageukia ukutani ili Fundi asinione.

Kisha akafika kwenye fungu la mvua. Katika fungu hilo mwanamume anakuja mpaka nyumbani kwa mpenzi wake, anasimama nyuma ya ukuta, anachungulia dirishani, anamwita ainuke watoke. Anamweleza kwamba masika yamekwisha, maua yameota, ndege wanalia. Halafu anamwita tena. Mume wangu aliita mara ya kwanza, akaeleza habari za mvua na maua, kisha akanyamaza. Fundi alidhani anavuta pumzi. Tulingoja. Hakuendelea.

Hapo hapo mvua ikashuka juu ya bati. Mchungaji akasema basi, siku nyingine.

Aprili 5

Amekwama pale pale. Safari hii hapakuwa na mvua. Alisema ni kikohozi, lakini kikohozi ni cha Fundi.

Aprili 11

Pale pale tena.

Aprili 12

Kila mtu ana tafsiri yake. Mchungaji anasema ni kicho: mtu akisema kwa niaba ya Mungu ulimi lazima uwe mzito, manabii nao ilikuwa hivyo. Fundi anasema ni unyevu umeingia kwenye maiki, msomaji anasikia mwangwi wake. Katibu amenivuta pembeni baada ya kazi. "Kimya kingi kina mshindo, mama. Nyumbani kwenu salama?"

"Salama," nikajibu. Nimezoea kuwaambia watu basi linakuja wakati najua limekwama matopeni.

Tafsiri yangu ni hii na naiandika hapa kwa kuwa hakuna atakayeisoma. Mara ya kwanza mtu anaweza kuita kwa kuwa imeandikwa. Mara ya pili lazima umaanishe. Na yeye hawezi kuniita mara ya pili kwa kuwa hanitaki. Ni mkweli mno kusema uongo kwenye Maandiko, hilo namjua nalo.

Kwa hiyo nimejiwekea sharti. Akilimaliza fungu lile, akaita mara ya pili kama mtu anayemwita mkewe, nitabaki. Akishindwa, barabara ikikauka naondoka. Najua ni ujinga kupima ndoa kwa aya mbili. Lakini nina kipimo gani kingine?

Aprili 17

Mabati ya kituo yanavuja juu ya meza yangu ya matangazo. Nimetangaza nikiwa nimeshika ndoo.

Aprili 20

Mchungaji alitukusanya kusikiliza yaliyokwisha unganishwa. Tulikaa kwenye benchi moja, mume wangu upande ule, mimi huku, Katibu katikati kama mzigo wa abiria.

Ni ajabu kusikia watu wawili wanaopendana na kujua kwamba mmoja alirekodiwa Jumanne na mwingine Jumanne ya juma lililofuata. Nilijisikia nikimjibu. Aliponisifu shingo, nikamjibu haraka sana, Fundi ana mkono mzuri. Katibu alitoa leso. "Kweli Mungu anatupenda," alisema. Mimi sikumwona Mungu mle. Nilimwona mwanamume aliyekuwa ananisubiri nje ya kituo zamu yangu ikiisha, miaka ile, na mfuko wa karanga. Yule alikwenda wapi?

Tukafika pale mwanamume anapobisha mlango, usiku, nywele zimelowa umande. Mwanamke yuko kitandani, anachelewa. Anapokuja kufungua, aliyebisha ameshaondoka. Mchungaji akasimamisha mashine ili aeleze. "Hapa ni uzembe wa kanisa," alisema. "Bwana aliita, kanisa likasinzia. Wala hatuambiwi kwamba Bwana alikosa. Kosa ni la aliyelala."

Mume wangu alisimama, akatoka. Hakuvaa kofia, hakuchukua mwavuli. Tulimwona kupitia mlangoni akivuka uwanja ndani ya mvua kubwa, hana hata haraka ya kujikinga.

Katibu akaniangalia. Mchungaji akaniangalia. Nikasema amekumbuka kuna mteja anamngoja.

Nyumbani nilimkuta amebadilisha shati. Nikamwambia, "Umenifedhehesha."

"Samahani," alisema, akaingia chumba cha Chiriku.

Aprili 21

Sikwenda ibadani. Nimefungasha shuka mbili na lile blanketi la kijani. Nimeviweka chini ya kitanda, havionekani.

Aprili 30

Homa ya mafua. Mume wangu alinipikia uji, akauweka mlangoni, akagonga kwa kidole kimoja, akaenda kazini. Uji ulikuwa na sukari kidogo, ninavyopenda. Nililia, halafu nikakasirika kwa kulia kwa ajili ya uji.

Mei 4

Amejaribu tena mara tatu. Mara ya tatu Mchungaji alimwambia kwa upole, "Ndugu yangu, unapoita, mfikirie Bwana anavyoita watu wake."

"Yeye anaita mara mbili," alisema mume wangu ndani ya maiki.

"Ndiyo, ndugu. Mara mbili."

"Basi," alisema, akavua visikizio.

Mei 9

Basi la majaribio limevuka mto na kurudi. Msimamizi amesema Jumatatu ijayo safari zitaanza kama haitanyesha sana. Ameniandikia tangazo nijizoeze kulisoma. Nimelisoma mara moja, linatosha.

Mei 11

Nilipita studio kuaga bila kusema kwamba naaga. Fundi alikuwa peke yake anasafisha sauti. Nikamwomba nisikilize fungu la mvua, wito ule mmoja alioweza.

Alinichezea. Nikamwomba arudie. Mara ya tatu ndipo nilipoisikia.

Sauti ile haikuwa ya mwanamume anayemwita mwanamke. Wala haikuwa ya Mungu, labda Mungu akiwa na mtoto wa shule. Ilikuwa na kitu fulani cha kunyenyekea mlangoni, cha mtu anayejua anakatiza usingizi wa mwenzake na anaona huruma, lakini saa zimekwenda. Niliisikia asubuhi zote za miaka sita nikiwa jikoni. Ni hivyo hivyo alivyokuwa akimwamsha Chiriku aende shule.

Niliketi kwenye kiti cha Fundi. Yeye akakohoa, akatoka nje.

Niwe mkweli: kitu cha kwanza nilichosikia kilikuwa wivu. Muda wote nilidhani maneno yale kayatoa kwangu akampa Mungu, na kwa Mungu nilikuwa nimeshaanza kuzoea kushindwa. Kumbe hayakuwa yangu wala ya Mungu. Baadaye wivu ukaondoka, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi.

Mei 13

Jumatatu. Sikutangaza. Nimeomba ruhusa.

Mchungaji alikuwa amepanga jaribio la mwisho saa nane mchana. Nikamwambia mume wangu, "Leo naja na wewe." Hakukataa. Tulitembea tukikwepa madimbwi, yeye akipita upande wa magari kama zamani, kwa mazoea tu.

Tulipofika umeme ukakatika, na kabla Fundi hajasema neno mvua ikamwagika kama imefunguliwa. Fundi alikwenda kutafuta mafuta ya jenereta. Mchungaji alikuwa bado njiani. Tukabaki wawili ndani ya chumba cha magodoro, mlango wazi kidogo ili mwanga uingie. Yeye kwenye kiti, mimi juu ya zulia. Kelele ya bati ilikuwa kubwa hata ikabidi nisogee karibu na magoti yake ili anisikie.

"Nimesikiliza wito wako," nikamwambia. "Ulikuwa unamwita Chiriku."

Nilidhani atasimama atoke kama siku ile, nikajiambia akitoka leo simfuati.

"Nilijaribu kukusomea wewe," alisema. "Kuanzia mwanzo nilikuwa nakusomea wewe. Kule kwingine kote ni wewe. Nilipofika pale dirishani nikashindwa. Mtu amesimama nje ya chumba anamwita mwenzake ainuke. Ningemwona nani?"

"Basi kwa nini hukumaliza? Ungemwita tu. Si mwanao?"

"Unamkumbuka alivyokuwa? Aliwahi kuamka kwa wito wa kwanza?"

"Hajawahi."

"Hajawahi hata siku moja. Nagonga, nasema, Chiriku, amka mama, kumekucha. Anasema, bado. Navaa viatu, narudi, naita tena. Hapo ndipo anatoka na shuka mabegani." Alikuwa anazungumza na maiki iliyozimwa, si na mimi. "Siku ile niliita. Hakusema bado. Nikasema moyoni, homa imemchosha, leo acha alale, shule haikimbii. Nikafurahi hata, kwamba amepata usingizi. Nikafunga mlango wa nje polepole nisimwamshe. Nikaenda kazini nikawapima watu macho mpaka jirani alipokuja kuniita."

Mvua ilikuwa inapiga. Sikuwa na mahali pa kuangalia isipokuwa viatu vyake.

"Hata nilipokuja kusoma kile kitabu," alisema, "yule anaita mara mbili. Kila nikifika naona imeandikwa. Anaita, anaeleza, halafu anaita tena. Mimi niliita mara moja."

Nilimwambia ninachokijua. Nilimwambia kwamba daktari alisema mtoto alifariki kabla ya alfajiri, na shangazi yake aliyemwosha aliniambia vivyo hivyo, mwili ulikuwa umeshakuwa mgumu. Hata angeita mara mia. Nimekaa na maneno hayo miaka miwili, nikimficha, kwa kuwa nilidhani yatamuumiza kujua kwamba mtoto alikufa ukuta wa pili na yeye amelala.

"Najua," alisema. "Daktari aliniambia mimi kwanza. Si hilo. Hata kama hasikii, mtu anamwita mtoto wake mara ya pili."

Hapo nikalia. Sikulia kwa kumsamehe, sikuwa na cha kumsamehe. Nililia kwa sababu ya viatu vile, nikimwona anavifunga kamba asubuhi ile taratibu asimwamshe maiti. Na kwa sababu miaka yote miwili nililala chumba cha pili nikihesabu makosa ya mtu ambaye kila asubuhi alikuwa anasimama mlangoni. Naye alilia, kwa sauti mbaya isiyofaa kurekodiwa. Mle ndani hakuna anayekusikia, walivyotundika magodoro.

Mchungaji alipofika, amelowa mpaka kwenye kitabu, alitukuta tumekaa sote chini. Aliangalia, akarudi kibarazani kungoja mvua ipungue.

Mei 14

Dada amepiga simu: basi limepita na mimi simo. Nikamwambia asinitunzie chumba. Akasema, "Amekubembeleza?"

"Hapana," nikasema. "Amenijibu."

Mei 16

Hatujawa maharusi. Amelala bado kule, mimi huku. Ila jana aliniuliza blanketi la kijani limekwenda wapi, nikamwambia liko chini ya kitanda limefungwa pamoja na shuka mbili. Alifikiri kidogo. Akasema, "Litapata ukungu," akalitoa akalianika.

Mei 21

Mchungaji alikuja nyumbani na uso wa mtu aliyekanyaga yai. Amerudi kwenye Kiebrania. Anasema amegundua kosa ni lake: fungu la mvua alilipa sauti ya mwanamume kwa kuwa maneno ni ya mwanamume, kumbe ukilisoma tangu juu ni mwanamke anayesimulia. Mpenzi wangu alikuja, aliniambia hivi na hivi. Mwanamume hasemi mwenyewe. Tunayajua maneno yake kwa kuwa mwanamke ameyakumbuka.

"Kwa hiyo ni lako, mama," alisema. "Tangu mwanzo lilikuwa lako. Ndugu yangu nimemtesa bure."

"Hukunitesa wewe," alisema mume wangu.

Nilimwambia Mchungaji nitasoma kwa sharti moja: mume wangu akae ndani na mimi. Mchungaji alifikiri juu ya sauti za chumbani. Nikamwona anafikiri. Kisha akasema sawa, maadamu asiseme kitu.

Mei 24

Kulikuwa na jua. Bati lilikuwa linalia lenyewe kwa joto, ikabidi tungoje lipoe, tumekoma kugombana na mvua tunagombana na jua. Saa kumi Fundi akainua kidole.

Nilisoma. Mume wangu alikuwa kwenye kigoda ubavuni mwangu, mikono magotini, hana karatasi. Niliwaeleza watu kwamba mpenzi wangu amekuja, amesimama nyuma ya ukuta wetu. Niliita mara ya kwanza kwa niaba yake. Nilijaribu kuita alivyokuwa akiita yeye, kwa huruma ile ya mlangoni, na sikukosea sana. Nikaeleza mvua, nikaeleza maua. Nikafika.

Sauti iliniacha. Miaka kumi na minane haijanitupa, ikanitupa pale. Maneno nilikuwa nayaona, makubwa, meusi, hayakuwa na shida yoyote. Fundi hakuzima.

"Chiriku," alisema mume wangu. "Amka mama. Kumekucha."

Hakusema kwa sauti ya kusoma. Alisema kama mtu aliyekwisha vaa viatu na kurudi.

Hakuna aliyejibu. Sijui kwa nini naandika hivyo, lakini nilisikiliza, na yeye nilimwona anasikiliza, kichwa kimeinama upande. Tulisikiliza mpaka ikawa wazi kwamba hakuna.

Nyuma ya kioo Mchungaji alivua visikizio akaviweka mezani. Aliposogea kwenye maiki yake sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hiyo haimo kwenye Maandiko," alisema. "Mnisamehe. Itabidi turudie."

"Rudieni, Mchungaji," alisema mume wangu, akainuka, akanigusa bega kidogo akipita. "Mimi nimeshaita."

Alitoka akaketi kwenye benchi la nje. Fundi akafuta, nikamwona akifuta, akainua kidole. Nikalisoma fungu lote tangu juu, wito wa kwanza na wa pili, bila kukosea. Hilo ndilo watu watakalolisikia.